Wenziwe Wako Wapi? Mapenzi, Ndoa na Urafiki katika Filamu za Wamarekani Weusi

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nashukuru sana kupewa nafasi hii ya kusema machache kabla taa hazijazimwa. Filamu hizi nimeishi nazo tangu nikiwa msichana, na nazipenda kwa dhati. Leo nitawaeleza kwa nini.

Nianzie Tanga, sebuleni kwa shangazi yangu, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Jamaa yetu mmoja, baharia, alirudi safari na kanda ya video ya Waiting to Exhale. Shangazi akaita majirani. Walikuja wanawake kama tisa, wengine na watoto mgongoni. Mkeka ukatandikwa, chai ya tangawizi ikamiminwa, visheti vikazunguka. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nikapewa kazi ya mfasiri, nimekaa karibu na televisheni kama imamu mbele ya maamuma.

Wengi wenu mnalijua lile tukio. Bernadine, anayeigizwa na Angela Bassett, ameambiwa na mumewe kwamba anaachwa, mume anakwenda kwa mtunza hesabu wa ofisini. Bernadine ndiye aliyeweka kando ndoto zake ili amsaidie mume huyo kuijenga kampuni. Basi anafungua makabati. Suti, mashati, viatu, vyote anavijaza ndani ya gari la mume, anavitia moto, anageuka na kuondoka, na moto unawaka nyuma yake. Sebule nzima ilipiga vigelegele. Shangazi alisimama.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Alikuwa kungwi wa mtaa, bibi mzee aliyewafunda karibu wanawali wote wa pale, pamoja na shangazi mwenyewe. Alikuwa amekaa ukutani, kikombe mkononi. Akauliza kwa utulivu, "Wenziwe wako wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Ndugu zangu, lile swali nimetembea nalo mpaka leo, na kila filamu ya aina hii ninayoitazama nalibeba ninapoingia. Kwa sababu baadaye niligundua kwamba yule bibi, bila kujua neno la Kiingereza, alikuwa ameshika kiini cha filamu ile. Gari linaungua dakika mbili tatu. Muda uliobaki ni wa wenziwe: Savannah, Robin na Gloria. Hadithi inaanza usiku wa kuamkia mwaka mpya katika mji wa Phoenix, Arizona, na inamalizika usiku kama huohuo mwaka unaofuata, wanawake wanne wamekaa pamoja kuota moto. Ule wa kwanza uliunguza gari. Huu wa pili wamejiwashia wenyewe. Sisi tulikumbuka mmoja tukasahau wa pili.

Filamu ile ilitoka Desemba 1995, kutokana na riwaya ya Terry McMillan ya mwaka 1992. Aliyeiongoza ni Forest Whitaker, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya kuongoza kwenye kumbi za sinema. Wengine mtamkumbuka kwa jambo jingine kabisa: ndiye aliyemwigiza Idi Amin mwaka 2006 na kupata Oscar. Nyimbo za filamu hiyo ya Waiting to Exhale zilitungwa na kutayarishwa kwa kiasi kikubwa na mwanamuziki Babyface, na walioziimba wote ni wanawake, Whitney Houston akiwemo. Watu walipanga foleni. Wanawake walikwenda kwa makundi, marafiki kwa marafiki, na wenye studio wa Hollywood wakashtuka kama watu walioambiwa kuna mto nyuma ya nyumba yao.

Kwa nini urafiki unachukua nafasi kubwa hivi katika filamu za mapenzi za watu hawa? Mbona mara nyingi wapenzi wawili hawatoshi, lazima pawe na marafiki watatu wanne, mama, bibi, dada? Nina jibu langu. Nalitoa katika historia ya ndoa yenyewe.

Sisi tunajua kwamba ndoa ni mashahidi. Msikitini wanatakiwa, kanisani wanatakiwa, kwa mkuu wa wilaya wanatakiwa. Mtu akikataa kesho kwamba ameoa, mashahidi wataitwa. Sasa wafikirieni watu ambao kwa zaidi ya miaka mia mbili sheria haikuitambua ndoa yao hata kama wangeshuhudia watu elfu. Katika majimbo ya utumwa ya Marekani, mtumwa alikuwa mali, na mali haifungi mkataba. Walioana hata hivyo. Walioana uani, usiku, mbele ya watumwa wenzao, na mahali pengine waliruka ufagio uliolazwa chini kama alama ya kuingia nyumba moja. Walikuwepo wachungaji waliobadilisha maneno ya kiapo: badala ya mpaka kifo kiwatenganishe, wakasema mpaka kifo au umbali. Umbali maana yake mnada. Asubuhi bwana angeweza kumuuza mume jimbo la mbali, na hapakuwa na hakimu wa kumlilia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watu waliotoka utumwani walimiminika kuandikisha ndoa. Wazee walioishi pamoja miaka thelathini wakaenda na wajukuu wao kuchukua cheti. Na wale waliotenganishwa wakaweka matangazo kwenye magazeti, hasa ya makanisa ya Weusi: namtafuta mke wangu, mara ya mwisho nilimwona mahali fulani, aliuzwa kwa fulani. Matangazo hayo yaliendelea kutolewa mpaka karne ya ishirini ilipoanza. Nimeyasoma mengi. Siwezi kusoma zaidi ya manne matano kwa kikao kimoja.

Kwa hiyo katika ndoa hizo shahidi pekee aliyekuwepo, aliyejua kwamba fulani ni mke wa fulani, alikuwa mwenzako wa kambini. Rafiki ndiye aliyekuwa daftari. Nikiitazama filamu ya leo, bwana arusi amesimama na wapambe wake wamejipanga, siwezi kuliona jambo hilo kama pambo.

Ushahidi mwingine uko kwenye sinema yenyewe. Mwaka 1898, Chicago, mtengenezaji filamu aitwaye William Selig alipiga picha ya wasanii wawili Weusi wa jukwaani, Saint Suttle na Gertie Brown. Haifiki hata nusu dakika. Wanabusiana, wanaachana, wanacheka, wanashikana mikono na kuibembeza, wanabusiana tena. Basi. Inaitwa Something Good. Ilipotea zaidi ya karne nzima, ikagunduliwa upya mwaka 2017, na mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa. Ukumbuke kwamba wakati ule mtu Mweusi jukwaani alionyeshwa kwa dhihaka, mara nyingi na Mzungu aliyejipaka masizi usoni. Hawa wawili wanacheka kwa sababu wanapendana, au wanaigiza vizuri mno kiasi kwamba sijali tofauti. Niliiona mara ya kwanza kwenye simu, ndani ya daladala, nikapitiliza kituo changu.

Baada ya hapo kuna njaa ndefu. Zilikuwepo filamu za Weusi kwa Weusi, za akina Oscar Micheaux, zilizoonyeshwa katika kumbi zao. Lakini Hollywood kubwa ilimpa mtu Mweusi jiko la kupikia na mlango wa kufungulia wageni. Hata ilipofika Desemba 1967, Sidney Poitier alipoigiza daktari anayetaka kumwoa binti wa Kizungu katika Guess Who's Coming to Dinner, busu lao moja tunaliona kupitia kioo cha dereva wa teksi. Juni ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kuzuia ndoa kati ya Weusi na Wazungu, ambazo zilikuwa bado hai katika majimbo 16. Filamu ile ninaiheshimu. Ila naiona imeandikwa kwa ajili ya wazazi wa binti. Wale wawili hawana hata rafiki mmoja wa kuwasikiliza.

Kama unataka penzi la Weusi wawili la miaka ile, tafuta Nothing But a Man ya mwaka 1964. Ivan Dixon ni Duff, fundi wa reli. Abbey Lincoln ni Josie, mwalimu, binti wa mchungaji. Wanaoana Alabama. Duff anakataa kuinamisha kichwa kazini, anafukuzwa, halafu kila mlango wa kazi unafungwa, na hasira anayoshindwa kumtolea bosi anakwenda kumtolea mke. Sijaona filamu inayoonyesha vizuri zaidi jinsi dharau ya mjini inavyoingia chumbani usiku.

Nirudi miaka ya tisini, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Baada ya wale wanawake wanne wa Phoenix, milango ilifunguka. Mwaka 1997 peke yake ulileta mbili zinazopigwa Chicago. Love Jones ya Theodore Witcher, yenye Larenz Tate mshairi na Nia Long mpiga picha, ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la filamu la Sundance. Ndani yake vijana wanakaa kwenye klabu ya mashairi, wanabishana juu ya mapenzi usiku kucha, hakuna bastola, hakuna polisi. Ya pili ni Soul Food ya George Tillman Jr. Hiyo ni ya dada watatu na mama yao, Big Mama, na chakula cha kila Jumapili. Mama anaugua kisukari, meza inavunjika, na ndoa za mabinti zinaanza kuyumba moja baada ya nyingine. Mjukuu mdogo ndiye anayehangaika kuwarudisha mezani. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja hatuhitaji mfasiri hapo.

Lakini ile ninayotaka tukae nayo ni The Best Man ya mwaka 1999, iliyoandikwa na kuongozwa na Malcolm D. Lee. Harper ni mwandishi. Anakwenda kuwa mpambe wa rafiki yake Lance, mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani, anayemwoa Mia. Harper ameandika riwaya, na ndani yake amewaweka marafiki zake wote kwa majina ya kubuni. Kitabu hakijatoka bado, lakini nakala moja inapita mkono kwa mkono kabla ya harusi. Lance anaisoma. Anagundua kwamba zamani, wakiwa chuoni, Harper alilala na Mia mara moja.

Tazameni mwandishi alivyolifunga fundo. Mtu aliyechaguliwa kuwa shahidi mkuu wa ndoa ndiye mwenye siri inayoweza kuivunja. Na Lance, ambaye yeye mwenyewe amemsaliti Mia mara nyingi na watu wote wanajua, anaona dunia imekwisha kwa kosa moja la mwanamke. Filamu haimwachii aondoke na unafiki huo. Inamlazimisha autazame. Na anayemrudisha mbele ya madhabahu ni yuleyule Harper aliyemkosea, kwa sababu hakuna mwingine anayemjua vya kutosha kuifanya kazi hiyo.

Niliiona kwanza nikiwa bado sijaolewa, nikamchukia Harper. Niliitazama tena baada ya ndoa yangu kupitia msukosuko, wakati ambapo rafiki yangu wa tangu shule alikuja kukaa nami wiki nzima, akapika, akafua, wala hakuniuliza kitu mpaka nilipoanza kusema mwenyewe. Nikamwelewa Lance, na nikaelewa kwa nini hakuweza kumfuta Harper hata alipotaka.

Miaka 14 baadaye wakarudi, waigizaji walewale, katika The Best Man Holiday. Mia anawaita wote nyumbani kwake kwa Krismasi. Lance bado hajamsamehe Harper. Hawajui kwamba Mia ana saratani na anakufa. Amewaita ili asimwache mume wake bila mwenzi. Kuna watu husema sehemu hii ya pili imezidisha machozi. Mimi nasema imestahili kila tone. Mke anayejua anaondoka, na kazi yake ya mwisho ni kumtengenezea mumewe urafiki uliovunjika. Nyie niambieni filamu gani nyingine ya mapenzi inamalizia hapo.

Nitaje haraka na Love & Basketball ya Gina Prince-Bythewood, ya mwaka 2000, ambayo mwaka 2023 nayo iliingizwa katika ile orodha ya taifa. Monica na Quincy wanakua nyumba jirani mjini Los Angeles, wote wanapenda mpira wa kikapu. Wanakuja kuachana chuoni kwa sababu usiku ambao Quincy anamhitaji, Monica ana saa ya kurudi bwenini na mechi inamngoja. Quincy anaona ameachwa. Filamu nyingi zingemfanya msichana atubu. Hii inamwacha acheze, na mwishoni Monica yuko uwanjani na timu ya wanawake ya kulipwa, na Quincy amekaa pembeni na mtoto wao, anamtazama. Safari hii mume ndiye shahidi.

Jumping the Broom ya 2011 inalileta lile jambo la ufagio waziwazi. Mama wa bwana arusi, mfanyakazi wa posta wa Brooklyn, anataka mila ile ifuatwe. Familia ya bibi arusi ni matajiri wa kisiwa cha Martha's Vineyard na haitaki habari hizo. Ina utani mwingi kuliko ninavyopenda, lakini ugomvi wake ni wa kweli: aliyepanda ngazi afanye nini na alama ya bibi yake aliyekuwa mtumwa?

Iko na moja inayotugusa sisi wa huku. Mississippi Masala ya Mira Nair, ya mwaka 1991. Denzel Washington ni Demetrius, kijana Mweusi wa Greenwood, Mississippi, mwenye biashara ndogo ya kusafisha mazulia. Anampenda Mina, binti wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, ambaye familia yake ilifukuzwa na Amin mwaka 1972 na sasa inaishi kwenye moteli. Watu wengi huizungumzia kwa sababu ya wapenzi hao wawili. Mimi huwa natoka ukumbini nikimfikiria Okelo. Okelo ni rafiki wa utotoni wa baba yake Mina, Mwafrika, ndiye aliyehangaika kumtoa rafiki yake mahabusu, na ndiye aliyemwambia ukweli mchungu kwamba Uganda si mahali pake tena. Baba yule alikasirika, akapanda basi bila kumuaga. Anabeba kinyongo hicho mpaka Marekani, na kinyongo hichohicho ndicho kinachomfanya amzuie binti yake asimpende Mweusi. Anaporudi Kampala baada ya miaka mingi kumtafuta Okelo, anaambiwa alikwisha kuuawa zamani. Mira Nair alikuwa Kampala kwa utafiti wa filamu hii alipokutana na Profesa Mahmood Mamdani, wakaja kuoana.

Najua lawama moja inayotolewa dhidi ya filamu hizi, na ni ya haki: nyumba ni kubwa mno, mavazi yamepigwa pasi mno, kila mtu ni wakili au mwandishi au nyota wa mpira. Maskini wako wapi? Ndiyo maana nimeomba leo tusitazame hata moja kati ya hizo nilizozitaja. Tutatazama Claudine, ya mwaka 1974.

Claudine ni mama wa watoto sita katika mtaa wa Harlem, New York. Anapokea msaada wa serikali, na kwa kuwa hautoshi, anafanya kazi za ndani kwa siri kwa Wazungu. Roop, anayeigizwa na James Earl Jones, ni mzoa taka wa mtaa ule anaofanya kazi. Wanapendana. Na hapo ofisa wa ustawi wa jamii anaingia. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kanuni iliyowanyima watoto msaada kwa sababu tu mama yao ana mwanamume, lakini tazameni hofu ilivyobaki ndani ya nyumba hii: kila ofisa anapobisha hodi, vitu vinafichwa, na mwanamume naye anafichwa kama kitu. Zawadi yoyote atakayoileta ni hesabu ya kukatwa. Wakioana, yeye ndiye atakayewalisha wote kwa mshahara wa taka. Sheria iliyowahi kusema ndoa ya babu zao haipo, sasa inaifanya ya wajukuu iwe ghali kupita uwezo wao.

Mwigizaji aliyechaguliwa kwanza kuwa Claudine alikuwa Diana Sands. Akaugua saratani. Alipoona hataweza, alipendekeza nafasi hiyo apewe rafiki yake, Diahann Carroll, ambaye wengi walimjua kwa nguo za kifahari na hawakuamini angeweza kuwa mama wa Harlem. Diana Sands alifariki mwaka 1973, kabla filamu haijatoka. Diahann Carroll aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa nafasi ile. Nyimbo ni za Curtis Mayfield, zimeimbwa na Gladys Knight na kundi lake la The Pips.

Mwishoni kuna harusi. Sitawaharibia yote, ila mjue kwamba polisi wataingia katikati yake wakimfukuza mtoto mkubwa wa Claudine, na karandinga litakuwa limesimama nje mlango wazi. Yule bibi wa Tanga hakuwahi kuiona filamu hii. Mkifika hapo, kwa niaba yake, naomba mhesabu ni wangapi wanaopanda.